Parseli Moja, Karatasi Mbili: Namna ya Kuandaa Kongamano la Sheria ya Binafsi Bunia

Kongamano langu la kwanza la sheria hapa Bunia lilivunjwa na mvua. Tulikuwa ukumbini, chini ya mabati yasiyo na dari. Saa nane mchana, mtoa mada akiwa ukurasa wa kumi na tisa kati ya arobaini, mvua ya Septemba ikashuka. Aliendelea kusoma. Midomo tuliiona ikicheza, sauti hatukuisikia. Jenereta ilikuwa imeishiwa mafuta tangu saa sita, kwa hiyo mikrofoni ilibaki pambo. Mzee mmoja aliyekuja kwa miguu kutoka Mudzi-Pela, bahasha ya karatasi za kiwanja chake kwapani, alinigusa bega akauliza, "Sasa mwanangu, wamesema nini juu ya parseli?" Sikuwa na la kumjibu. Hata bila mvua nisingekuwa nalo, maana mada yenyewe ilihusu nadharia ya mkataba kwa Wafaransa wa karne ya 19.

Tangu siku ile nimeshiriki kuandaa siku za namna hiyo mara kadhaa, nyingine nzuri, nyingine za aibu. Niliyojifunza nayaandika hapa hatua kwa hatua, kwa ajili ya asistenti, wakili kijana au kikundi cha wanafunzi wanaotaka kujaribu. Hatua hazina uzito sawa. Ya kwanza ukiikosea, zilizobaki hazitakuokoa.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Sheria ya binafsi ndiyo inayosimamia mambo ya mtu na mtu mwenzake: ndoa, urithi, deni, mkataba, kiwanja, ajali, kazi, biashara. Miaka ya vita imetuzoesha kudhani kwamba sheria ni jinai tu. Jina la Thomas Lubanga, aliyekutwa na hatia huko The Hague Machi 14, 2012, kila mtu mjini analijua. Lakini kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha kanuni ya kiraia, kinachomlazimu aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake kuilipa, wengi hawajakisikia, na hali kila siku pikipiki inamgonga mtu kwenye Boulevard de la Libération. Hata Mei 6, 2021, Ituri na Kivu Kaskazini zilipowekwa chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, na kesi za jinai zikahamishiwa mahakama za kijeshi, kesi za madai zilibaki kwa majaji wa kiraia. Huko ndiko mzee wa bahasha anakopita, na huko ndiko kongamano lako linapaswa kuanzia.

Hatua ya 1: Tafuta swali, na ulitafute grefu

Kichwa kama "Sheria ya ardhi na maendeleo endelevu" kinapendeza kwenye bango, lakini hakuna mtu anayeweza kukijibu. Swali ni kitu ambacho watu wawili wenye akili timamu wanaweza kubishana juu yake kwa saa nzima, kila mmoja akiwa na kifungu mkononi.

Usilitafute maktabani. Nenda tribinali, umsalimie grefiye, karani wa mahakama, kwa heshima, umwombe akuambie ni aina gani ya kesi za madai zinazorudi kila mwezi. Hakuna haja ya kuona dosiye. Kaa asubuhi mbili tatu kwenye benchi la nyuma usikilize kesi zinazosikilizwa hadharani. Kisha waulize mawakili watatu: ni hoja gani inayokushinda kila mara? Majibu yakikutana mahali pamoja, umeshapata swali lako.

Kwetu majibu yalikutana kwenye parseli, kama ulivyotarajia. Tukatunga kisa, na nakushauri nawe utunge chako kwa njia hii hii. Mtu mmoja, tumwite A, alinunua kiwanja Nyakasanza mwaka 2001. Ana karatasi ya kuuziana iliyotiwa sahihi na muuzaji, mashahidi wawili na shefu wa avenyu. Mwaka 2003 mji ulipowaka alikimbilia Uganda. Aliporudi baada ya miaka mingi alikuta nyumba ya matofali na mtu mwingine, B, mwenye hati ya usajili iliyotolewa na konservateri, msajili wa hati za ardhi, mwaka 2009. Nani mwenye kiwanja?

Mwanafunzi wa mwaka wa pili atajibu haraka: B. Sheria namba 73-021 ya Julai 20, 1973, iliyorekebishwa Julai 18, 1980, inasema katika kifungu cha 53 kwamba ardhi ni mali ya Dola peke yake. Raia anapata konsesio tu, na kwa kifungu cha 219 haki hiyo inathibitika kwa hati ya usajili iliyotolewa na Dola. Hati ikishatimiza miaka miwili bila kupingwa, kuing'oa ni vigumu mno. Anayelalamika mara nyingi anabaki na njia ya kudai fidia. Kwa hiyo A ana karatasi inayombana muuzaji wake, kwa kuwa kifungu cha 33 cha kitabu cha tatu kinayafanya makubaliano kuwa sheria kwa walioyafunga, lakini mbele ya B karatasi hiyo haina meno.

Hapo ndipo maswali yanapoanza. Na kama B alijua kwamba A yupo kambini Uganda? Miaka miwili inahesabiwaje kwa mtu ambaye barabara ya kurudi kwao ilikuwa imefungwa kwa risasi? Muuzaji aliyeuza mara mbili amekufa: warithi wake, kwa mpangilio wa kifungu cha 758 cha kanuni ya familia, wanarithi na deni lake? Konservateri aliyetoa hati bila kumuuliza jirani hata mmoja ana dhima? Maswali manne, na kila moja linamtosha mtoa mada mmoja.

Mfano wa mjini una faida nyingine ambayo lazima niiseme wazi. Vijijini mambo ni makali zaidi. Vifungu vya 387 hadi 389 vya sheria hiyohiyo viliziweka ardhi za jamii za wenyeji chini ya Dola na kuahidi kwamba haki za wanaozitumia zitapangwa kwa amri ya Rais. Amri hiyo wakulima wameisubiri tangu 1973. Katika pengo hilo, mtu aliweza kupata hati ya shamba ambalo wengine wanalilima, akakaa kimya miaka miwili, kisha akaja kuwaondoa. Juni 1999, ugomvi wa konsesio huko Walendu-Pitsi, territwari ya Djugu, uliwasha moto ulioteketeza Ituri miaka iliyofuata. Sisemi usiliguse jambo hilo. Nasema usianze nalo, na ukilifikia, usitaje konsesio kwa jina, familia kwa jina, wala kabila. A na B wanatosha. Ukumbi wetu una watu wa kila upande, na kuna waliozika watoto kwa sababu ya kifungu hiki unachokiita "mada".

Kesi ambayo bado iko mbele ya jaji pia iache. Jaji uliyemwalika hataweza kusema neno, na upande mmoja utafikiri umeandaa kongamano kumsukuma.

Hatua ya 2: Andaa bahasha ya maandiko

Kila anayeingia apewe karatasi nne zilizobanwa pamoja: kisa chenyewe ukurasa mmoja, vifungu vinavyohusika kurasa mbili, na orodha ya maneno, ambayo nitaieleza chini. Usizidishe. Nimeona watu wakigawiwa kijitabu cha kurasa sitini ambacho kesho yake kilikuwa kimefunga mandazi sokoni Nyamukau.

Vifungu vinakiliwe kutoka Gazeti Rasmi au tovuti ya Leganet, na kila mara hakikisha kama kuna marekebisho mapya. Kosa linalorudi sana mjini kwetu ni kanuni ya familia. Watu wanatembea na nakala ya sheria namba 87-010 ya Agosti 1, 1987 kama ilivyotoka, bila kujua kwamba Julai 15, 2016 ilibadilishwa kwa sheria namba 16/008. Nakala ya zamani inamtaka mke apate ruhusa ya mume ili ajifunge kisheria kwa mkataba. Ile mpya imeiondoa ruhusa hiyo. Mama anayefanya biashara ya samaki wa Kasenyi akiambiwa na mtoa mada wako kwamba hawezi kukopa bila sahihi ya mume, umemdhuru mbele ya watu.

Kama swali lako ni la biashara, fahamu kwamba tangu Septemba 12, 2012 Kongo imo ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wa sheria za biashara. Sheria za biashara, makampuni na dhamana sasa zinatoka huko, na neno la mwisho juu yake linasemwa Abidjan, kwenye mahakama ya pamoja. Wafanyabiashara wetu wengi bado hawajaambiwa. Hilo nalo ni swali zuri la siku nzima, mwaka ujao.

Hatua ya 3: Chagua wasemaji, na wachache

Watatu wanatosha. Wanne ni wengi. Ukiona ratiba yenye watoa mada tisa kwa siku moja ujue mwandaaji aliogopa kumwambia mtu hapana.

Msemaji wa kwanza awe mwalimu wa chuo. Chuo Kikuu cha Bunia kilianza kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani, na undugu huo haujaisha: profesa wa Kisangani ukimwandikia mapema, miezi mitatu kabla, mara nyingi atakubali kuja au kusema kwa simu. Wa pili awe mtendaji: wakili mwenye miaka kumi ya kesi za viwanja, au konservateri mwenyewe akikubali. Wa tatu ndiye wengi wanamsahau: mtu aliyeishi ndani ya jambo hilo bila kusoma sheria. Shefu wa avenyu anayetia sahihi karatasi za kuuziana. Siku tuliyomwalika mmoja, alisimama akasema anatia sahihi kwa sababu watu wanamwomba, wala hajawahi kuambiwa kwamba sahihi yake haizai hati. Ukumbi ulinyamaza. Maprofesa wawili walikuwa wakiandika.

Ukitaka mgeni wa nje, usiende mbali. Tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na majirani wamelijibu kwa njia zao swali ambalo kifungu chetu cha 389 kiliahirisha. Tanzania, kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999, inatoa hatimiliki ya kimila. Uganda, kwa sheria ya ardhi ya 1998, ina cheti cha umiliki wa kimila. Mwanasheria wa Arua akieleza kwa dakika ishirini cheti hicho kimefaulu wapi na kimekwama wapi, atakusaidia kuliko nadharia ya Paris. Mwambie mapema tu kwamba sisi tunafuata mfumo wa kanuni zilizoandikwa, tuliorithishwa na Wabelgiji, asije akatuhutubia juu ya hukumu za London kana kwamba zinatufunga.

Kwa vijana, toa mwito wa mada mwezi mmoja na nusu kabla: muhtasari wa maneno 300, usomwe na watu wawili wasiojua jina la mwandishi. Asistenti anahitaji maandiko yaliyochapishwa ili apande ngazi, kwa hiyo watajitokeza. Chagua mbili. Waliobaki waandikie kwa upole ukiwaambia sababu. Kukataliwa bila neno ndiko kunakowafanya wasirudi.

Hatua ya 4: Amua lugha kabla lugha haijakuamulia

Sheria zetu zimeandikwa kwa Kifaransa. Sisi tunagombana kwa Kiswahili. Katiba ya Februari 18, 2006 inaitaja lugha hii miongoni mwa lugha nne za taifa, lakini kwenye makongamano yetu bado inaingia kwa mlango wa nyuma, wakati wa kutangaza chakula.

Kanuni yangu: andiko liwe kwa Kifaransa, mazungumzo yawe kwa Kiswahili. Mtoa mada aandike makala yake kwa lugha ya chuo, ichapishwe hivyo, lakini mbele ya watu aieleze kwa Kiswahili bila kusoma. Maprofesa wengine watalalamika kwamba hawana maneno. Ni kweli, hawana, na ndiyo maana unawaandalia orodha ya maneno ishirini siku kumi kabla, mkae nayo pamoja mwafikiane.

Kazi hiyo ni ngumu na ina vichekesho vyake. Chukua "immeuble". Mtu wa Bunia akilisikia anaona ghorofa; kisheria hata shamba la mihogo na mwembe uliosimama ndani yake ni "immeuble". Sema "mali isiyohamishika", watu wataelewa papo hapo. "Droit de jouissance" usilitafsiri neno kwa neno: kuna mwanafunzi aliyesimama akasema "haki ya kustarehe" na ukumbi ukacheka dakika tano. Ni haki ya kutumia na kufaidi. "Bonne foi" wengine wanasema "roho safi". Mimi naona "nia njema" ni bora, kwa sababu sheria haiulizi usafi wa roho, inauliza ulichokijua siku ya kununua. "Gage" tunalo neno la zamani na zuri, rehani. "Responsabilité" ikiitwa "majukumu" inapotea. Iite dhima, ueleze mara moja, halafu endelea.

Watanzania wametutangulia hapa, tuazime bila haya. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilichofunguliwa 1961 kilianza mapema kukusanya istilahi za sheria kwa Kiswahili, na mwaka 2021 Bunge lao lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na mahakama. Baadhi ya maneno yao yatasikika mageni kwetu. "Hatimiliki" kwa mfano, mtu wa Bunia atasema "sertifika". Andika yote mawili kwenye orodha yako.

Hatua ya 5: Siku, mahali na barua

Kwa ukumbi, angalia dari kabla ya viti. Kama hakuna dari, panga tarehe kati ya Desemba na Februari wakati wa ukavu, au maliza kabla ya saa nane mchana. Jenereta iwe na mafuta ya siku mbili kwa kazi ya siku moja, na mtu wa kuilinda atajwe kwa jina. Projekta usiitegemee: kisa kikiwa kwenye karatasi mkononi, umeme ukikatika mnasonga mbele.

Siku ya juma, muulize grefiye ni lini hakuna kesi za madai, kwa sababu mawakili hawaachi wateja wao kwa ajili yako. Jumamosi inawezekana, ila Waadventista watakosa. Ijumaa mchana utawakosa Waislamu. Sisi tuliangukia Alhamisi.

Mkutano wa wasomi ndani ya chuo si maandamano, lakini chini ya utawala wa kijeshi usitegemee kila askari wa barabarani ajue tofauti hiyo. Barua moja kwa uongozi wa chuo, nakala kwa meya na kwa ofisi ya gavana, wiki tatu kabla. Eleza mada, saa, idadi ya watu, majina ya wasemaji. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, uiweke mfukoni siku hiyo. Malizeni mapema, ili aliyetoka Dele au Komanda afike kwake kukiwa na mwanga.

Hatua ya 6: Pesa

Nitapita haraka. Gharama za lazima ni nne: karatasi, mafuta ya jenereta, chakula, na nauli ya wasemaji wa mbali. Mabango, fulana na mifuko yenye nembo si lazima. Omba Baraza la Mawakili, chuo, na mfanyabiashara mmoja. Na huyo mfanyabiashara asiwe na kesi ya kiwanja tribinalini.

Watakuuliza kama kuna "transport" kwa wahudhuriaji. Jibu liwe hapana, na liandikwe kwenye mwaliko, ili asiyeweza kuja bila hiyo ajue mapema. Utapata watu hamsini badala ya mia mbili. Hamsini hao watakuwa wamekuja kusikiliza. Lakini wali, sombe na samaki usivibanie. Mjadala wa mchana unategemea sahani ya saa sita.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Tufungue saa mbili na nusu. Hotuba za ukaribisho, ufunguzi, salamu na shukrani, zote pamoja, dakika kumi. Wasifu wa mtoa mada sentensi mbili. Picha ya pamoja wakati wa chakula. Nimeona asubuhi nzima ikiliwa na itifaki, watu wakisimama na kukaa kama kanisani, na sheria ikaanza saa tano na nusu. Mweke mwenyekiti mwenye mvi na saa ya mkononi, mtu ambaye profesa hawezi kumpuuza akigonga meza.

Dakika ishirini kwa kila msemaji, kisha gawanya ukumbi meza tatu: moja imtetee A, moja imtetee B, moja iwe mahakama. Changanya. Profesa akae na mwanafunzi, wakili akae na shefu. Hapa ndipo siku inapolipa.

Nakumbuka meza moja. Tulikuwa tumewapa karatasi ya kuuziana ya kubuni, lakini imeandikwa kwa mkono kama zile za kweli, kwa kalamu ya buluu, yenye alama ya kidole gumba pembeni. Wanafunzi waliisoma upesi wakarukia vifungu. Grefiye mmoja mstaafu aliivuta kwake, akavaa miwani, akaiweka chini ya mwanga wa dirisha. "Kiwanja hiki kinaanzia wapi?" akauliza. Karatasi ilisema: kutoka mwembe wa baba yake fulani hatua arobaini hadi mfereji. "Mwembe ukikatwa?" Kimya. "Hatua za nani? Zangu au za huyu mrefu?" Hakukuwa na namba ya kadasta, wala mita, wala jina la jirani wa upande wa pili. Kwa nusu saa hawakuzungumza tena kuhusu miaka miwili. Walizungumza kama mkataba unaweza kusimama wakati kitu kinachouzwa hakijulikani kinaishia wapi. Hilo ni swali la kitabu cha tatu cha mwaka 1888, na lilitoka kwenye mwembe. Profesa aliyekuwa mezani alibadilisha makala yake kabla ya kuituma kuchapishwa.

Watu watakuja na bahasha zao, hilo halizuiliki. Usiwafukuze, na usiwaruhusu waligeuze kongamano kuwa kesi. Weka meza nje, chini ya mti, na wakili mmoja au wawili wa ofisi ya ushauri wa bure ya Baraza la Mawakili. Mwenyekiti atangaze asubuhi: yako binafsi, meza ya nje, humu ndani ni ya A na B.

Hatua ya 8: Kinachobaki

Mteue mwandishi wa kikao kabla ya siku, asiwe mtoa mada. Anaandika mambo matatu tu: hoja zilizokubaliwa, hoja zilizobishaniwa na nani upande gani, na maswali yaliyokosa jibu. Ndani ya siku kumi awe ametoa kurasa nne. Makala kamili za watoa mada zitachelewa, zinachelewa kila mahali duniani. Wape miezi mitatu, kisha uzipeleke kwenye jarida lenye namba ya ISSN, la sivyo asistenti wako hatahesabiwa chochote.

Redio usiisahau. Radio Candip ya ISP Bunia inafika mahali ambapo jarida halifiki. Omba nusu saa kwa Kiswahili, wasemaji wawili, kisa kilekile cha A na B, na swali moja la kuwaachia wasikilizaji.

Wanaodhani kurasa chache hazina thamani wakumbuke jarida lililoanza Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1933, la mahakama za wenyeji na sheria za kimila. Lilikuwa la wakoloni, lenye macho ya wakoloni, lakini hukumu fupi lilizochapisha hadi leo zinasomwa na anayetaka kujua mahari au urithi vilivyoamuliwa wakati ule. Hukumu za madai za Bunia za miaka ishirini iliyopita ziko kwenye makabati, na panya nao wanazisoma.

Chapisha nakala tatu za ripoti yako angalau: moja maktaba ya chuo, moja Baraza la Mawakili, moja grefu ya tribinali. Ukikosa pesa ya tatu, peleka ya grefu kwanza. Mzee wa bahasha anapita pale kila Jumanne.